Fungu la Mzee Crisanto

Watu wa kijiji cha Chimoxan hawamuulizi mgeni ana mali kiasi gani wala anasali kanisa lipi. Wakishamkalisha na kumpa bakuli la mchuzi, humuuliza jambo moja tu: nyumbani amemwacha nani. Si umbea. Huko milimani karamu hailiwi ikaishia pale pale. Mtu anakunywa mchuzi wake mwekundu wa pilipili, anaonja nyama kidogo kwa heshima, na nyama inayobaki inafungwa kwenye jani pana la kijani irudi naye kwa waliobaki nyumbani. Ukimwona mtu anashuka kutoka karamuni mikono mitupu, ama wenyeji wake ni wachoyo, ama hana mtu. Na watu wa Chimoxan si wachoyo.

Mwalimu Herlinda Cucul aliyajua hayo tangu utotoni. Yeye ni Mkekchi, mtu wa kabila lao, ingawa ni wa mjini Carchá, na mama yake hakuwahi kurudi kutoka harusini bila kumletea jani lake. Kwa hiyo siku ya kwanza alipopanda Chimoxan, Bi Petrona mpishi alipomjia na swali, hapakuwa na sababu ya kushtuka.

"Umemwacha nani nyumbani, Mama Mwalimu?"

"Mume wangu," Herlinda akajibu.

Ulimi hauna mfupa. Mume wake, Crisanto, fundi viatu, alikuwa ameshazikwa, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujatulia. Herlinda hakukusudia kusema uongo. Aliulizwa swali ambalo alilijibu vivyo hivyo maisha yake yote ya ndoa, jibu likatoka lenyewe, na kabla hajalirudisha Bi Petrona alishazamisha upawa kwenye chungu.

"Anapenda kipande gani?"

"Shingo."

"Aa! Mwanamume wa shingo!" Bi Petrona akacheka mpaka wapishi wenzake wakageuka. "Hao wana subira, mwenzangu. Mpe mfupa mmoja, utamkuta hapo hapo mpaka jua lizame. Wangu mimi anataka paja, na akishalimaliza humwoni tena."

Wakacheka wote, na Herlinda akacheka pamoja nao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu matanga. Akaondoka na shingo ya bata mzinga kwenye jani, akaipakata njia nzima, kwa miguu mpaka barabarani, kisha ndani ya pikapu hadi mjini, na joto lake likimfikia kupitia sketi. Alipofika aliiweka mezani upande wa Crisanto. Akaketi upande wake. Nyumba ilikuwa kimya, hata kinyundo cha Crisanto, pale dirishani alipokuwa akishonea viatu, kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mwishowe akaila yeye, imeshapoa, na hakuwahi kupenda shingo. Alikula huku akilia, kisha akafuta meza akaenda kulala.

Sasa mtu atauliza, mwanamke wa umri ule, mjane, alifuata nini kwenye matope ya Chimoxan? Herlinda alikuwa amefundisha darasa la kwanza mjini tangu usichana wake hadi akastaafu. Baada ya mazishi alijiunga na wastaafu wenzake waliokuwa wakijitolea kupanda vijijini kuwafunda walimu vijana, wale ambao kijiji kinawachagua chenyewe kwa kuwa wamesoma kidogo kuwashinda wengine, wanapewa chumba, watoto wa madarasa matatu pamoja na chaki, wanaambiwa haya, fundisheni. Mwanzoni wastaafu walikuwa kundi zima. Tope likamwondoa mmoja, presha ikamwondoa mwingine, wajukuu wakawaondoa waliosalia. Akabaki Herlinda, kwa sababu hakuwa na mjukuu wa kumwondoa. Mungu hakuwajalia watoto yeye na Crisanto.

Kila mwezi alipanda, akalala kwenye chumba cha nyuma ya shule, akakaa na walimu wa Chimoxan na wa vijiji jirani mpaka kazi iishe. Ufundishaji wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Aliwakalisha walimu kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, halafu yeye mwenyewe akajifanya mtoto. Na mtoto aliyemwigiza alikuwa mkorofi.

"Mwalimu," Herlinda alimwambia siku moja Matilde Choc, msichana aliyechaguliwa na Chimoxan, mwoga, mwenye sauti ya kusikika na kola ya blauzi yake tu. "Mwalimu, kwa nini manyunyu ya huku kwetu hayaishi?"

"Kwa sababu... mawingu ya huku ni mengi."

"Kwa nini ni mengi?"

"Kwa sababu... milima inayaita."

"Inayaita kwa jina?"

Walimu wengine wakaangua kicheko. Matilde akawa mwekundu kama mchuzi.

"Binti, hujui," akasema Herlinda, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Na si aibu. Sema sijui."

"Siwezi kuwaambia watoto sijui, Mama Mwalimu. Wataniona mjinga."

"Wameshakuona. Mwalimu akidanganya mara moja, darasa zima linajua kabla yake. Simama. Nyote simameni. Semeni sijui."

Wakasimama watu wazima, wakasema sijui kwa pamoja, wakarudia, mpaka mbwa wa shule akatoka nje. Ilikuwa kanuni yake ya kwanza, na aliipenda kuliko zote. Mwalimu anayejua kusema sijui, alisema, watoto watamfuata popote, maana siku atakayosema najua watamwamini. Matilde aliichukua moyoni. Kila Herlinda aliporudi alimkuta sauti imeongezeka kidogo, wakubwa wanawahesabisha wadogo kwa maharage na vijiti, na yule binti anatembea katikati yao bila kushika ukuta.

Na kila siku ya mwisho palikuwa na chungu, na kila penye chungu palikuwa na jani la Mzee Crisanto.

Basi Crisanto akaishi Chimoxan. Walimuuliza Herlinda hali ya mumewe, naye akawajibu, maana huwezi kumwacha mtu bila hali. Goti linamsumbua. Hilo lilikuwa kweli kabisa wakati wa uhai wake, aliliumiza mpirani akiwa kijana. Wakamtumia majani ya kukanda. Mara nyingine alisema goti limepata nafuu, na kijiji kizima kikafurahi. Bwana Domingo Tiul, mwenyekiti wa wazazi, mtu wa maneno machache na kofia kubwa, alimwashia mshumaa kanisani, akamwombea kwa jina. "Msalimie mzee," walimwambia Herlinda akiondoka, wanaume kwa wanawake. "Mwambie asante kwa kutuazima mke."

Mimi simtetei. Uongo ni uongo, na mwenye kuwafundisha wenzake kusema sijui alikuwa anajua vizuri sana alichokuwa anafanya. Lakini mtu azingatie: mjini Carchá Crisanto alikuwa amekufa. Jirani walishaacha kumtaja, wateja walishachukua viatu vyao wakatafuta fundi mwingine, na padri alishamsomea misa ya mwisho. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo mtu alisimama mlangoni akauliza, mzee hajambo? Herlinda alipanda mlima kwa ajili ya walimu, hilo hatulikatai. Alipanda pia kwenda kumsikia mumewe akiuliziwa hali. Na kila aliposhuka, nyumba ilimngoja vile vile, yenye kiti kimoja cha kazi na kimoja cha bure, na shingo ya kula peke yake.

Mwaka wa tatu Chimoxan wakajenga shule mpya. Mbao walipasua wenyewe, mabati waliyabeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso, kutoka barabarani hadi juu. Ilipokamilika haikuingiwa. Nyumba mpya ina njaa, na nyumba isiyolishwa itajitafutia chakula yenyewe, na ndani ya shule kuna watoto. Yalihitajika maombi kwa Wenye Mlima, mizimu inayomiliki milima ile, sandarusi ya kufukiza, mishumaa, kakao, damu ya bata mzinga kwenye nguzo, kinubi na fidla hadi asubuhi. Na ilihitajika jozi ya wazee wa kusimama kama wazazi wa nyumba, mume na mke, kwa sababu kwa Wenye Mlima mtu hapigi magoti nusu.

Bwana Domingo akaja darasani na kofia mkononi.

"Mama Mwalimu, tumekaa, tumezungumza, hakuna aliyepinga. Wazazi wa shule hii ni wewe na Mzee Crisanto."

Herlinda akaweka chaki chini. "Domingo, jamani, heshima hii ni kubwa. Lakini goti la mzee..."

"Goti tumelizungumza."

"Mlima huu hawezi."

"Hatapanda. Tutambeba." Bwana Domingo akanyoosha mkono kuelekea dirishani, ambako vijana walikuwa wanapiga randa kiti kipya chenye egemeo refu. "Tulibeba mashine ya kusaga mahindi, ile ya chuma. Tukabeba na kengele ya kanisa. Mzee Crisanto ana kilo ngapi?"

"Si mnene," akasema Herlinda, na ilikuwa kweli.

"Basi ni sherehe," akasema Bwana Domingo, akavaa kofia yake.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Herlinda ilikuwa imefika kwenye ukuta. Hapo ndipo angesema. Alijua kwamba nyumba ikilishwa na mjane anayejifanya mke, imelishwa uongo. Na kama baadaye mtoto mmoja angeugua tu chini ya bati lile, hata homa ya kawaida, yeye ndiye angekuwa amemletea ugonjwa. Na mkisema mwanamke aliyesoma haamini hayo, nendeni mkamuulize. Akaamua kumwambia kwanza Bi Petrona, aliyekuwa mtu wa karibu. Akamkuta jikoni anasogeza magunia ya iliki kutoka pembeni mwa moto.

"Natengeneza pa kulala Mzee," akasema Bi Petrona bila kugeuka. "Goti lipate joto. Godoro nimeazima. Na shingo zote nimeshaziwekea nadhiri, akija hapa mtu mwingine asiguse." Kisha akageuka, uso umemwenea tabasamu. "Miaka yote hii namfungia nyama mtu nisiyemjua sura! Jamani, ni mrefu?"

"Ni wa wastani," akasema Herlinda. Akashuka mlima bila kusema lingine.

Alijiambia atasema mwezi ule ule, atatuma salamu kwa dereva wa pikapu, atapanda mwenyewe mvua ikipungua. Mvua ya huko haipungui. Siku zikamwishia pale mezani, ameketi upande wake anaangalia upande wa pili, akitunga sentensi ya kwanza na kuivunja. Kila sentensi iliishia na neno moja, na neno lile hakuwa amelisema kwa mdomo wake hata mara moja. Hata siku ya mazishi walilisema watu wengine.

Ikafika asubuhi ya siku ya karamu, mlango ukagongwa. Akafungua akiwa na kitambaa cha jikoni begani. Nje alisimama Bwana Domingo amevaa shati jeupe, na nyuma yake vijana wanne wenye mabega, na katikati yao kiti. Walikuwa wamekitandika mkeka mpya na kukifunga maua.

"Tumemfuata mzee," akasema Bwana Domingo.

"Domingo..."

"Amekunywa kahawa? Tusimharakishe."

"Hayupo."

"Ametoka?"

"Ametoka," akasema Herlinda, akaona midomo yake inataka kuendelea, inataka kusema ameenda kwa ndugu yake, atarudi wiki ijayo, na jinsi ilivyokuwa rahisi. Akashika mlango. "Twendeni niwaonyeshe alipo."

Wakatembea mtaani, yeye mbele, kiti nyuma. Wauza nyanya waliwatazama. Aliyeelewa mapema ni yule kijana wa kulia, maana walipopita kona ya mwisho hakuna nyumba tena mbele, kuna geti la makaburi tu. Akapunguza mwendo, wenzake wakamgonga na kiti.

Msalaba wa Crisanto ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya buluu, jina lake limeandikwa na tarehe chini yake. Bwana Domingo alisoma polepole. Akasoma tena. Akavua kofia.

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo."

"Kabla hujaja kwetu."

"Kidogo kabla."

"Mimi goti hili nimeliwashia mishumaa."

"Najua, Domingo."

"Nikamwambia mke wangu, mzee amepata nafuu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma Herlinda. Kijana mmoja alitoa kicheko cha puani, cha mtu asiyejua aweke wapi uso wake, na mwenzake akamkanyaga. "Kwa hiyo zile nyama tulikuwa tunamlisha nani?"

"Nilikuwa nakula mimi."

"Na shingo?"

"Na shingo. Siipendi shingo." Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya vijana wa watu, kitambaa cha jikoni usoni. "Amekufa, Domingo. Crisanto amekufa. Nilishindwa kusema."

Hakuna aliyemgusa. Manyunyu yalianza na maua ya kiti yakaloa. Bwana Domingo alipiga ishara ya msalaba, akamwombea marehemu sala moja, kisha akarudisha kofia.

"Ungetuambia siku ile chungu kikiwa jikoni, tungelia pamoja na wewe tukanyamaza," akasema. "Sasa tumekuja na kiti."

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Herlinda alijifuta macho.

"Niache mjini," akasema. "Sistahili kupanda."

"Walimu wako wamevaa nguo mpya kwa ajili yako. Hayo ya kustahili utaongea nao wenyewe." Akawageukia vijana. "Pitieni dukani. Sukari imepungua."

Bwana Domingo hakuwa mtu wa kupoteza safari. Kwenye kiti kile, juu ya mkeka mpya, wakalifunga gunia la sukari, na kutoka barabarani hadi Chimoxan vijana walipokezana kulibeba. Herlinda alitembea nyuma yake njia nzima. Kwenye mwinuko mkali egemeo la kiti lilikuwa linainama kumwelekea, na alijikuta ananyoosha mkono kulizuia lisianguke, mara mbili, tatu, halafu akaacha mkono wake pale pale.

Habari ilifika kabla yao, kama kawaida yake. Bi Petrona alikuwa mlangoni mwa jiko na upawa mkononi, akamtazama, akarudi ndani. Matilde alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha shule mpya, sketi mpya, nywele zimesukwa na utepe.

"Mama Mwalimu," akasema. Sauti yake sasa ilikuwa inasikika uwanja mzima, kazi ya Herlinda mwenyewe. "Ulitufundisha kusema sijui. Kusema sina, hukutufundisha."

"Sikuwa nakujua mwenyewe, binti."

Matilde akatingisha kichwa, si kwa hasira, kama mwalimu aliyepewa jibu linalotosha kwa leo. Akamwonyesha pa kuacha mzigo wake.

Wazazi wa shule wakawa Bi Petrona na mumewe, mzee mpenda paja, aliyekutwa ameshaonja pombe ya muwa na ikabidi amwagiwe maji kichwani. Lakini alikuwa hai, na hiyo ndiyo sifa iliyotakiwa. Wakapiga magoti wote wawili mbele ya sandarusi, bega kwa bega, mke akimrekebisha mume kola katikati ya maombi. Nguzo zikalishwa. Kinubi kikalia. Herlinda aliona yote kutoka benchi la nyuma, karibu na jiko, mahali ambapo huketi wajane.

Miaka mitatu amekuwa akipita mbele ya benchi lile akilisalimia. Hakuwahi kuliketi.

"Sogea, sogea," kikongwe mmoja akamwambia, akipigapiga kwa kiganja mahali patupu kando yake. "Huku moshi mwingi, lakini masengenyo yanafika ya kwanza. Ya kwako tumeyapata kabla hujavuka mto."

"Mmesema nini?"

"Tumesema ulimpenda. Lingine tumesema wewe mjinga. Kula."

Alikula. Mchuzi ulikuwa mkali, na katikati ya bakuli lake palikuwa na kipande cha nyama kizuri ambacho alikionja kwa heshima, akakiacha, kama inavyotakiwa. Watu walipoanza kuinuka, Bi Petrona akapita na majani begani, kila mmoja akiulizwa. Umemwacha nani? Wajukuu, hao walafi. Na wewe? Mwanangu na mkewe. Na wewe? Dada yangu kipofu. Nyama ikafungwa, jani likakunjwa, akasogea.

Akafika kwa Herlinda. Mkono wake, kwa mazoea, ulishachomoa jani. Midomo ilishafunguka kuuliza. Kisha akakumbuka. Hapakuwa na ubaya wowote usoni mwake. Alilirudisha tu jani begani, taratibu, akamgusa Herlinda bega mara moja, akaenda kwa mwanamke aliyefuata. Ndivyo inavyofanywa. Nyumba isiyo na mtu haifungiwi nyama.

Herlinda akabaki na bakuli mapajani. Pale makaburini alidhani amemaliza kulia, na huzuni yote ameshaiona. Hakuwa ameiona hii. Crisanto alikuwa amekufa sasa hata Chimoxan, na kesho atashuka njia ile mikono mitupu, na yeyote atakayekutana naye ataelewa. Mezani patakuwa na pande mbili tupu mpaka yeye aketi.

Mpaka yeye aketi. Akainua kichwa.

"Petrona."

Bi Petrona akageuka. Benchi zima likageuka.

"Naomba jani."

"La nani, mwenzangu?" Sauti ilikuwa ya upole, lakini ya tahadhari, ya mtu aliyeshawahi kudanganywa.

"La nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako yuko nani?"

"Niko mimi."

Yule kikongwe aliyempisha akaacha kutafuna. Bi Petrona alisimama na majani yake begani, akimtazama mwanamke huyu ambaye alimfungia shingo za bata mzinga miaka mitatu, na macho yakamjaa maji ambayo alisingizia moshi. Akarudi mpaka kwenye chungu. Akatandaza jani kubwa kuliko yote, akazamisha upawa.

"Haya. Unapenda kipande gani?"

Herlinda akafungua mdomo kujibu. Alitafuta jibu utotoni kwake, ambako mkubwa ndiye aliyechagua. Akalitafuta kwenye ndoa yake, ambako shingo ilikuwa ya Crisanto na yeye alikula kilichobaki. Akalitafuta kwenye majani yote aliyoyafungua peke yake mezani. Hakulipata.

"Sijui," akasema.

Bi Petrona hakucheka. Aliweka paja, akaweka bawa, akafikiri, akaongeza kipande cha kidari, akalikunja jani na kulifunga kwa kamba ya mgomba.

"Kajaribu vyote," akasema. "Mwezi ujao utaniambia."